Je, Wajua? Mabingwa wa 2021, Mwaka wa Kukabana Koo

Je, wajua kwamba mwaka 2021 kulikuwa na dereva aliyetwaa mataji mawili makubwa ya mbio za magari, na mara zote mbili alimaliza msimu akiwa na alama sawasawa na mpinzani wake? Anaitwa Johan Kristoffersson, Mswidi. Ukiwauliza mashabiki wengi wakutajie bingwa wa mwaka ule, watakutajia Max Verstappen na purukushani ya Abu Dhabi. Siwalaumu, maana fainali ile iliwaweka watu roho juu. Lakini mwaka ule watu walikabana koo karibu kila mahali penye injini: kwenye lami, kwenye matope, kwenye mchanga wa jangwani na kwenye vumbi la Naivasha. Nimeufuatilia taji kwa taji, na bado naamini Kristoffersson hakupewa sifa anazostahili.

Taji lake la kwanza lilikuwa la dunia, katika mchezo wa ralikrosi. Uwanja wake ni mfupi, sehemu lami na sehemu changarawe, na magari huondoka yote kwa pamoja, kwa hiyo kona ya kwanza huwa ni kusukumana tu. Kila gari lilikuwa na nguvu za farasi zinazokaribia 600. Ipo pia sheria moja inayowashangaza wageni wa mchezo huu: katika kila mbio, kila dereva lazima apite mara moja kwenye kipande cha pembeni kilicho kirefu kuliko njia ya kawaida. Wanakiita mzunguko wa jokeri. Ukikipitia mapema mno, unaangukia katikati ya msongamano. Ukichelewa, mwenzako amekwishakuacha. Kristoffersson alikuwa kwenye Audi, na Mswidi mwenzake, Timmy Hansen, alikuwa kwenye Peugeot. Raundi ya mwisho ilikuwa Nürburgring, Ujerumani, mwishoni mwa Novemba. Hesabu zilipofungwa wakawa sare. Ikabidi itazamwe nani ameshinda raundi nyingi zaidi, na hapo ndipo Kristoffersson alipopata taji lake la nne la dunia. Msimu ule ndio uliokuwa wa mwisho kwa injini za petroli katika daraja la juu la mchezo huo. Mwaka uliofuata uliingia umeme.

Wiki tatu baadaye alikuwa Dorset, kusini mwa Uingereza, katika fainali ya Extreme E. Mashindano hayo yalikuwa ndiyo kwanza yanaanza, na yalikuwa na sheria ambayo sijaona mfano wake katika mbio nyingine kubwa: kila timu iwe na mwanamume mmoja na mwanamke mmoja, na wote waendeshe mizunguko sawa. Mmoja akimaliza zamu yake anashuka, mwenzake anaingia, anafunga mkanda, wanaendelea. Mwenzake Kristoffersson alikuwa Molly Taylor wa Australia, aliyewahi kuwa bingwa wa rali wa nchi yake mwaka 2016. Magari yalikuwa ya umeme, na hayakusafirishwa kwa ndege bali kwa meli ya St Helena, ile iliyokuwa ikipeleka barua, abiria na mizigo katika kisiwa cha St Helena, mbali katika Bahari ya Atlantiki, hadi ilipostaafishwa 2018. Mwaka ule ilizunguka na mashindano: jangwa la AlUla huko Saudia, ufuo wa Lac Rose nchini Senegal, chini ya barafu ya Greenland, Sardinia, na hatimaye Dorset.

Timu ya Kristoffersson na Taylor ilimilikiwa na Nico Rosberg. Timu iliyowafukuza hadi dakika ya mwisho, X44, ilimilikiwa na Lewis Hamilton, na madereva wake walikuwa Sébastien Loeb, bingwa wa dunia wa rali mara tisa, na Cristina Gutiérrez wa Hispania. Kumbuka kwamba Rosberg na Hamilton waliwahi kuwa wenza katika timu ya Mercedes, na mwaka 2016 Rosberg alimpokonya Hamilton ubingwa wa Formula One kwa tofauti ya alama 5, kisha akastaafu siku chache baadaye. Sasa walikutana tena, safari hii kama wenye timu. X44 walishinda Dorset. Alama zikajumlishwa: 155 kwa 155. Timu ya Rosberg ilikuwa imeshinda raundi tatu kati ya tano, ile ya Hamilton moja tu. Taji likaenda kwa Rosberg. Ilikuwa tarehe 19 Desemba, wiki moja kamili baada ya Hamilton mwenyewe kupoteza taji Abu Dhabi.

Tukija kwenye Abu Dhabi yenyewe, wengi wanakumbuka kwamba Verstappen na Hamilton waliingia mbio za mwisho za Formula One wakiwa na alama 369.5 kila mmoja. Je, wajua ile nusu ilitoka wapi? Ilitoka Spa, Ubelgiji, mwishoni mwa Agosti. Mvua ilinyesha saa kwa saa, mashabiki wamejikunyata majukwaani, na mwishowe magari yakapitishwa mizunguko michache tu nyuma ya gari la usalama, bila mtu kuruhusiwa kumpita mwenzake. Kwa sheria za wakati ule hayo yalitosha kuhesabiwa kuwa ni mbio, lakini kwa nusu ya alama. Verstappen aliyekuwa mbele alipewa 12.5 badala ya 25, na Hamilton wa tatu akapewa 7.5 badala ya 15. Aliyepata nafasi ya pili alikuwa George Russell wa Williams, ambaye huo ulikuwa mwendo wake mzuri kuliko yote kufikia siku ile, na hakumpita hata mtu mmoja barabarani.

Kilichotokea Abu Dhabi tarehe 12 Desemba kinastahili kusimuliwa taratibu. Mbio zilikuwa za mizunguko 58. Katika mzunguko wa 53 Hamilton alikuwa anaongoza kwa zaidi ya sekunde kumi, na ubingwa wa nane, ambao hakuna mtu amewahi kuufikia, ulikuwa mikononi mwake. Ndipo Nicholas Latifi wa Williams alipogonga ukuta. Gari la usalama likaingia. Timu ya Hamilton ikawa njia panda: wakimwita abadilishe tairi, Verstappen atabaki nje na kushika uongozi. Wakamwacha na tairi ngumu alizozitumia tangu mzunguko wa 14. Verstappen, ambaye hakuwa na cha kupoteza, akaingia akavishwa tairi laini mpya. Kati yao kulikuwa na magari matano yaliyokwishapitwa mzunguko mzima. Mkurugenzi wa mbio akaamuru hayo matano tu yajitoe, yale mengine yabaki, na mbio zikafunguliwa kwa mzunguko mmoja wa mwisho. Kwenye kona ya tano Verstappen alijipenyeza kwa ndani, na mchezo ukaisha hapo. Mercedes waliwasilisha malalamiko usiku uleule yakatupwa, na miezi miwili baadaye mkurugenzi yule aliondolewa kwenye nafasi yake. Mimi naona mambo mawili ni ya kweli kwa pamoja: Verstappen alistahili taji kwa msimu mzima, na Hamilton hakutendewa haki jioni ile.

Verstappen alikuwa Mholanzi wa kwanza kuwa bingwa wa dunia wa Formula One. Hata hivyo, mwaka uleule hakuwa Mholanzi pekee aliyevaa taji la dunia. Nyck de Vries alitwaa Formula E, mbio za magari ya umeme, msimu ambao mashindano hayo yalipewa hadhi ya ubingwa wa dunia kwa mara ya kwanza. Ushindani ulikuwa mkali kiasi kwamba walipofika Berlin kwa mbio mbili za mwisho, madereva 18 walikuwa bado wana nafasi ya kuwa mabingwa. Katika mbio za mwisho kabisa gari la Mitch Evans, mmoja wa waliokuwa juu, lilikataa kuondoka taa zilipozimika, na Edoardo Mortara, naye mgombea wa taji, akalivaa kwa nyuma. De Vries alimaliza wa nane, na nafasi hiyo ikamtosha. Ubingwa wake ulikuwa na alama 99, hata mia haikufika.

Mholanzi wa tatu ni Jeffrey Herlings, wa pikipiki za motokrosi. Yeye alivunjika mfupa wa bega katikati ya msimu baada ya pikipiki ya mshindani mwingine kumwangukia, akakosa raundi, akarudi, na Novemba huko Mantova, Italia, akamshinda Mfaransa Romain Febvre kwa tofauti ya alama 5.

Na Safari? Je, wajua kwamba bingwa wa dunia wa rali wa 2021, Sébastien Ogier, alishinda Kenya, katika mashindano yaliyokuwa yamekosekana kwenye kalenda ya dunia tangu 2002? Safari Rally ilianza 1953, ikikimbiwa Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwa miaka mingi ilihesabiwa kuwa ndiyo kipimo cha gari na cha moyo wa dereva. Kurudi kwake, tarehe 24 hadi 27 Juni 2021, kulikuwa na sura nyingine: mikondo 18 mifupi, mingi ikizunguka Naivasha, badala ya maelfu ya kilomita za barabara za wazi. Waliodhani kwamba Safari imelainika walipata jibu Ijumaa, siku ya kwanza kamili. Elfyn Evans wa Toyota aligonga jiwe, akatoka siku ileile. Kalle Rovanperä alizama kwenye mchanga laini gari likashindwa kusonga. Ogier mwenyewe alisumbuliwa na shokapu, akaachwa nyuma sana.

Jumamosi mvua ikashuka kwenye mkondo wa Sleeping Warrior. Ott Tänak, bingwa wa dunia wa 2019, alijikuta kioo cha mbele kimejaa ukungu kwa ndani. Ilibidi asimamishe gari katikati ya mkondo, akipangusa kioo huku sekunde zikikimbia, na zaidi ya dakika moja ikampotea hivyohivyo. Thierry Neuville wa Hyundai aliingia Jumapili akiongoza kwa sekunde 57.4, pengo ambalo dereva wa kawaida angelilalia usingizi. Kwenye mkondo wa kwanza wa asubuhi, Loldia, gari lake likavunjika kwa nyuma. Uongozi ukabaki kati ya Ogier na Takamoto Katsuta, Mjapani ambaye alikuwa hajawahi kupanda jukwaani katika mashindano ya dunia. Ogier alishinda kwa sekunde 21.8. Nafasi ya saba ilikwenda kwa Onkar Rai, ya nane kwa Karan Patel na ya tisa kwa Carl Tundo, Wakenya watatu mfululizo. Evans, aliyerudi Jumamosi baada ya gari kutengenezwa, alikuwa nyuma yao katika nafasi ya kumi, na huyohuyo ndiye aliyemaliza msimu mzima akiwa wa pili duniani. Tundo, ambaye amewahi kuishinda Safari mara tano katika miaka ile isiyohesabiwa kwenye ubingwa wa dunia, alimaliza 2021 akiwa bingwa wa rali wa Afrika.

Ogier alikamilisha taji lake la nane huko Monza tarehe 21 Novemba. Mataji hayo yote manane aliyatwaa na mwelekezi mmoja, Julien Ingrassia, na siku ile ndiyo iliyokuwa ya mwisho kwa Ingrassia kumsomea maelezo ya njia. Watu humsahau mwelekezi. Dereva wa rali haoni ng'ambo ya kilima, anaendesha kwa sauti ya mtu aliyeketi kando yake, na Ogier aliisikiliza sauti hiyohiyo akiwa Volkswagen, akiwa Ford na akiwa Toyota.

Siku hiyohiyo ya tarehe 21 Novemba, upande wa pili wa dunia, katika kisiwa cha Lombok nchini Indonesia, Toprak Razgatlıoğlu alikuwa Mturuki wa kwanza kutwaa ubingwa wa dunia wa Superbike. Ilikuwa itokee Jumamosi, mvua ikaahirisha mbio. Alikuwa amemvua taji Jonathan Rea, aliyelishikilia miaka sita mfululizo. Ukimwona Toprak akifunga breki utaelewa malezi yake: gurudumu la nyuma huinuka juu kabisa, na yeye anaingia kona pikipiki ikiwa imesimama kwa gurudumu la mbele. Baba yake, Arif, alikuwa maarufu Uturuki kwa michezo ya pikipiki ya gurudumu moja. Alifariki 2017 na hakuishuhudia siku ile.

Yamaha, ambao pikipiki yao ndiyo aliyoipanda Toprak, walikuwa na bingwa mwingine pia, Fabio Quartararo, Mfaransa wa kwanza kutwaa taji la daraja la juu la MotoGP. Msimu wake una kituko kimoja ambacho hakina budi kutajwa. Huko Barcelona, mwezi Juni, zipu ya suti yake ya ngozi ilifunguka katikati ya mbio. Kwa mwendo unaozidi kilomita 300 kwa saa kwenye njia iliyonyooka, upepo ukaingia, na kinga ya kifua akaitoa akaitupa. Akamaliza mbio kifua wazi. Wasimamizi walimpa adhabu ya sekunde tatu, juu ya nyingine tatu alizokwishapewa kwa kukata kona, akateremka kutoka wa tatu hadi wa sita. Adhabu ile nadhani ilikuwa ndogo mno, kwa sababu ngozi na kinga ndivyo vitu pekee vilivyo kati ya mpanda pikipiki na lami. Taji alilipata Misano mwezi Oktoba bila kushinda mbio siku ile: alianzia nafasi ya 15, akapanda hadi ya nne, na mpinzani wake Francesco Bagnaia akaanguka akiwa anaongoza.

Katika madaraja ya chini kulikuwa na mengine. Remy Gardner alitwaa Moto2 kwa tofauti ya alama 4 dhidi ya mwenzake wa timu, Raúl Fernández, miaka 34 baada ya baba yake, Wayne, kutwaa ubingwa wa 500cc mwaka 1987. Na Pedro Acosta, kijana wa mji wa bahari wa Mazarrón huko Hispania, alishinda mbio za pili za maisha yake katika ubingwa wa dunia akiwa ameanzia kwenye njia ya matengenezo, wenzake wote wamekwishaondoka. Novemba alikuwa bingwa wa Moto3, akiwa na umri wa miaka 17 na siku 166. Loris Capirossi, aliyeweka rekodi ya umri mdogo mwaka 1990, alikuwa na miaka 17 na siku 165. Siku moja tu ndiyo iliyomnyima Acosta rekodi iliyodumu miaka 31.

Kwa umri wa upande wa pili, tazama Dakar. Stéphane Peterhansel alishinda mbio hizo Januari 2021 kule Saudia, ushindi wake wa 14: sita kwa pikipiki, minane kwa gari. Ule wa kwanza ulikuwa wa mwaka 1991. Kwenye pikipiki, Kevin Benavides wa Argentina alikuwa mtu wa kwanza kutoka Amerika Kusini kushinda.

Marekani nao walikuwa na yao. Mwezi Mei, Hélio Castroneves wa Brazil, akiwa na miaka 46, alishinda Indianapolis 500 kwa mara ya nne, akawafikia A. J. Foyt, Al Unser na Rick Mears, watatu pekee waliokuwa na ushindi wa namna hiyo. Alimpita Alex Palou ikiwa imebaki mizunguko miwili, akamwacha kwa chini ya nusu sekunde, kisha akashuka na kupanda uzio kama desturi yake, mashabiki wakipiga kelele kana kwamba wameshinda wao. Je, wajua kwamba mtu huyu, pamoja na ushindi wote huo wa Indianapolis, hajawahi kutwaa ubingwa wa msimu mzima wa IndyCar? Aliyeutwaa mwaka ule ni yule Palou aliyemshinda, Mhispania wa kwanza kufanya hivyo, akiwa na miaka 24.

Kwenye NASCAR, bingwa alikuwa Kyle Larson. Mwaka 2020 alitamka neno la kibaguzi katika mbio za michezo ya kompyuta zilizorushwa mtandaoni, akafukuzwa kazi na kusimamishwa. Alirudi kwenye viwanja vya udongo alikokulia, akashindana karibu kila wiki. Timu ya Hendrick ilimchukua 2021, na msimu wake huo sijui kama kuna wa kuufananisha nao katika miaka ya karibuni. Alishinda mbio 10 za NASCAR. Katikati ya ratiba hiyo alikuwa akiruka kwenda kwenye udongo: Januari alishinda Chili Bowl, inayokimbiwa ndani ya jengo huko Tulsa kwa magari madogo mepesi, Julai akashinda Kings Royal kule Eldora, ambako mshindi huvikwa taji na joho la kifalme, Agosti akashinda Knoxville Nationals, mashindano makubwa kuliko yote ya magari ya sprint. Gari la NASCAR la wakati ule lilikuwa na uzito wa karibu tani moja na nusu na kwa kawaida lilikimbia kwenye lami. Gari la sprint halifiki hata nusu ya uzito huo, lina bawa kubwa juu, na huingia kona likienda ubavu kwenye udongo. Dereva anayeshika usukani wa vyote viwili na kushinda kote ndani ya mwaka mmoja ni nadra mno.

Na bado taji lake la NASCAR liliamuliwa na watu waliokuwa wamepiga magoti. Fainali ilikuwa Phoenix, tarehe 7 Novemba. Ikiwa imebaki mizunguko takriban 30, magari yalipunguzwa mwendo kwa muda kwa sababu ya vipande vya gari jingine barabarani, na viongozi wote wakaingia kubadilisha tairi. Larson aliingia akiwa wa nne. Gurudumu la NASCAR lilikuwa bado linafungwa kwa nati tano, na msimu ule ndio uliokuwa wa mwisho kwa utaratibu huo: nati 20 kufunguliwa, 20 kufungwa, gari kunyanyuliwa kwa jeki upande wa kulia, kisha upande wa kushoto, mafuta yakimiminwa nyuma wakati huohuo. Mafundi wake walimaliza yote kwa sekunde 11.8. Alitoka akiwa wa kwanza, na hakuna aliyemfikia tena.

Nimeacha Le Mans mwisho kwa makusudi. Gari namba 7 la Toyota, la Mike Conway, Kamui Kobayashi na José María López, lilikuwa na historia ya mikosi isiyoelezeka. Mwaka 2017 Kobayashi aliweka rekodi ya mzunguko katika kugombea nafasi za kuanzia, kisha usiku wa mbio, akiwa anasubiri taa nyekundu kwenye njia ya matengenezo, mtu mwenye suti ya rangi ya chungwa akamwonyesha dole gumba. Kobayashi akadhani ni msimamizi, akaondoka. Kumbe alikuwa dereva wa timu nyingine anayemtakia heri. Timu ikamwamuru asimame, akaondoka tena, akasimama tena, klachi ikaungua. Mwaka 2019 walikuwa wanaongoza saa ya mwisho tairi ilipotoboka, kihisio kikaonyesha tairi isiyo yenyewe, wakabadilisha tairi nzima na kuiacha iliyotoboka. Agosti 2021 walishinda hatimaye, na mwisho wa mwaka wakawa mabingwa wa dunia wa mbio ndefu.

Katika daraja la pili la mbio hizohizo, gari la timu ya WRT lililokuwa likiongoza lilizimika kwenye mzunguko wa mwisho baada ya saa 24. Gari la pili la timu hiyohiyo, likiendeshwa na Robin Frijns, likarithi ushindi kwa sekunde 0.727, likipita kwa kasi karibu kabisa na mtu aliyekuwa amesimama barabarani akipeperusha bendera ya drafti. Aliponea chupuchupu.

Na katika mbio zilezile alikuwamo Takuma Aoki. Miaka ya 1990 alikuwa mpanda pikipiki wa daraja la 500cc, mtoto wa kati katika ndugu watatu waliokimbia ubingwa wa dunia. Mdogo wake Haruchika ni bingwa wa 125cc wa 1995 na 1996. Kabla ya msimu wa 1998 Takuma alianguka katika majaribio, na tangu siku hiyo miguu haifanyi kazi. Le Mans ya 2021 aliendesha gari lililowekewa kichapuzi na breki za mkononi, akipokezana na Nigel Bailly wa Ubelgiji, ambaye naye hatembei baada ya ajali ya motokrosi, na Matthieu Lahaye, ambaye alitumia kanyagio za kawaida katika gari hilohilo. Kila zamu ilipobadilika, wahudumu walimwinua mmoja kutoka kwenye kiti na kumweka mwingine, usiku na mchana. Walimaliza saa zote 24, wakashika nafasi ya 32.